Mshono wa Mzee Penseli

Siku aliyokwenda kuomba mkono wa bandia wa pili, aliuosha kwanza ule wa zamani. Aliusugua kwa sabuni ya kipande na mswaki uliokwisha, akaufuta, akaipaka ngozi yake mafuta kidogo mpaka ikang'aa, kisha akaufunga kwenye gazeti kama mtu anayepeleka zawadi. Hakuwa na nia ya kumdanganya mtu yeyote. Ndivyo alivyolelewa na baba yake: kitu hakitoki karakanani kikiwa kichafu, hata kama kinakwenda kutupwa.

Usafi huo ndio uliomponza.

Afisa wa madai wa kampuni ya bima alikuwa kijana mpole, shati lake limepigwa pasi hadi mikunjo inasimama yenyewe. Aliufungua mzigo, akaugeuza mkono huku na huku chini ya taa ya mezani, akapitisha kidole juu ya ngozi ya kahawia iliyoufunika kutoka kwenye kikombe cha kiwiko, kile cha kuingizia kigutu, hadi kwenye kifundo. Mishono ilikuwa midogo, imelala sambamba kama mistari ya daftari. Ungedhani mkono ulitoka kiwandani hivyo hivyo.

"Dada, huu mkono ni mzima," alisema. "Mzima kuliko hata viti vyetu hapa."

Alisema kwa utani, lakini kuhusu viti hakukosea. Tangu alipokaa, mwanamke yule alikuwa ameshajua kwa makalio yake kwamba mikanda miwili ya chini imekatika na wa tatu uko njiani. Kazi ilikuwa imemwingia mwilini kiasi hicho. Alikuwa fundi wa makochi, binti wa fundi wa makochi, na mtaani walimwita Binti Penseli kwa sababu ya baba yake.

Afisa alifungua faili. Lilikuwa jembamba la kutia huruma: karatasi ya ajali, karatasi ya hospitali, karatasi aliyotia sahihi siku ya kupokea mkono. Baada ya hapo, miaka mitano ya kimya. Alimweleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo mara nyingi. Bima ilikuwa ya kiwanda cha magodoro, alikokuwa akifanya kazi mashine ya kusaga sponji ilipomkata mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Bima hiyo ilimlipia mkono mmoja. Mkono wa pili ungelipiwa iwapo wa kwanza umeharibika kwa matumizi ya kila siku, na uharibifu huo uwe umeandikwa wakati ulipotokea.

"Sasa hapa hakuna kilichoandikwa. Miaka mitano hujaja hata mara moja kulalamika."

"Ulikuwa ukiharibika, baba anautengeneza."

"Baba yako ni daktari?"

"Alikuwa fundi makochi."

Kijana aliminya midomo ili asicheke. Kisha, kwa nia njema kabisa, akasema kama ndani kumevunjika basi afumue hiyo ngozi, waone, waandike. Akamsogezea mkasi wa ofisini, ule wa kukatia karatasi.

Mwanamke aliuvuta mkono ule kifuani kwake kabla hajajua anafanya nini.

"Hapana," alisema.

Kwenye fomu ya afisa hakukuwa na kisanduku cha jibu la namna hiyo. Akaandika kwamba dai limekataliwa, akampa karatasi inayosema ana siku thelathini za kukata rufaa mbele ya kamati. Alimsindikiza hadi mlangoni, jambo ambalo si wote wangefanya.

Baba yake alikuwa amefariki miezi saba iliyopita. Mtaa mzima ulimwita Mzee Penseli kwa kuwa hakuna aliyepata kumwona bila penseli sikioni. Hata msibani watu walikumbushana namna alivyokuwa akiitafuta karakana nzima, akimlaumu paka, huku imekaa pale pale. Binti alipotoka hospitali akiwa na kigutu kilichofungwa bandeji, mzee hakulia mbele yake wala hakumpa pole ndefu. Alimvutia kigoda karibu na meza ya kazi. "Umekuwa na mikono mitatu sasa," alimwambia. "Mmoja wako, miwili yangu. Tuanze na lipi?"

Wakaanza na mikanda. Kochi haliwi kochi bila mikanda iliyovutwa hadi ilie, na mtu mmoja hawezi kuvuta na kugonga pini kwa wakati mmoja kama hana mikono miwili. Basi mzee alivuta, binti akagonga. Mkono wa bandia ulipokuja, mzuri, wenye vidole vitano na kucha zilizochorwa, naye akaanza kuvuta. Vidole vile vilikuwa vimetengenezwa kwa ajili ya kukaa mapajani kanisani au kwenye harusi. Havikutengenezwa kwa mikanda. Kila vilipogoma au kikombe kilipopasuka, binti alisema aupeleke hospitali, na kila mara mzee alikataa. Wangekaa nao miezi mitatu, alisema, na yeye angebaki na nini? Halafu akaongeza kwa kiburi cha fundi, "Nina sindano na gundi mkononi, nikapige foleni kwa watu?" Akautengeneza mwenyewe, akauvisha ngozi, na hakuna hata siku moja aliyofikiria kwamba kuna ofisi mahali fulani inayosubiri wapeleke taarifa. Alipenda kuiita kampuni ile mkono wa birika na kuicheka. Kumbe kila alipotengeneza vizuri, faili lilizidi kuwa jembamba.

Sasa mzee hakuwepo kuvuta, na mkono ule ulikuwa umeshikiliwa na ngozi tu. Ukibana kitu, kiwiko kinatoa mlio kama wa kiti kikuukuu na vidole vinaachia. Binti alijaribu kuvuta vitambaa kwa meno. Alijaribu kufunga mkanda kwenye goti. Makochi matatu yalirudishwa katika mwezi mmoja, moja na mwenyewe amelibeba kichwani ili mtaa wote uone. Na meno yake mawili ya mbele yalianza kucheza.

Mama yake alikuwa akikaa karakanani naye tangu msiba, akikata nyuzi na kupanga vifungo kwenye makopo. Jioni aliporudi na karatasi ya rufaa, mama aliisoma mara mbili, kisha akauliza kilichokuwa moyoni mwake.

"Mwanangu, kwa nini hukufumua?"

"Ni kazi ya baba, mama."

"Na kochi? Kochi alilolivisha likiletwa hulifumui?"

"Nalifumua ili nilivishe tena. Pale nilikuwa nafumua nimwachie mtu aandike kwenye fomu."

Mama alilitafakari hilo. Akasema basi wafunge karakana, wauze vitambaa na ile bunduki ya pini, yeye ana dada yake aliyekuwa akiwaita siku nyingi. Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayekunja shuka.

"Siku thelathini bado," binti akajibu, akachukua nyundo.

Siku ya kumi na moja muuguzi mmoja mstaafu alileta kiti chake cha kusomea, kimeinama upande mmoja. Alisema amekikalia miaka kumi na mbili bila malalamiko na hataki fundi mwingine. Binti alikipindua, akakibana kwa magoti, akaanza kung'oa pini za kitambaa cha chini. Kitambaa kilipoachia, alikuta juu ya ubao mwandiko mkubwa wa penseli aliokuwa akiujua kuliko sauti nyingi za watu walio hai. Ulikuwa na tarehe, mwezi, mwaka. Chini yake: *Mguu wa nyuma umeliwa na wadudu. Nimetia mpya. Mwenye kiti anakaa akiegemea kushoto, hasikii la mtu.*

Binti alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya mzee, tena desturi ambayo hakumfundisha mtu kwa maneno. Kabla hajafunika kitu chochote, aliandika ndani yake siku gani, kimeharibika nini, na amefanya nini. Alifanya hivyo kwa ajili ya fundi atakayekuja baadaye, asihangaike kubahatisha. Na kwa kuwa aliamini mwenye kochi hatasoma kamwe, aliongeza na umbea.

Aligeuka akatazama mkono wake wa bandia uliokuwa umetundikwa ukutani kwenye msumari, karibu na aproni ya mzee. Ngozi ile ilikuwa na tabaka tatu. Alizikumbuka vizuri, kwa maana mara zote tatu alikaa kwenye kigoda akisubiri, na mara zote tatu mzee alimgeuzia mgongo wakati wa kuanza kushona.

Mama alikuwa amekisoma kiti naye. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akautungua mkono, akaulaza mezani na kisu cha kufumulia pembeni.

"Fungua. Kama ameandika, umeshinda."

Binti alikishika kisu. Aliweka ncha yake kwenye fundo la kwanza la uzi, pale ambapo yeye mwenyewe angeanza. Kisha akakirudisha kwenye droo.

"Nikifungua hapa, watasema nimeandika mimi," alisema. "Lazima ufunguliwe wakiwa wanaona."

"Na kama hakuandika?"

Kama mzee hakuandika, atakuwa ameifumua kazi ya mwisho ya baba yake mbele ya watu asiowajua, apate aibu, arudi nyumbani na vipande. Alikesha na jambo hilo siku nyingine saba. Hatimaye akapiga moyo konde, akaenda hospitali kumtafuta fundi wa viungo bandia aliyempima mkono wa kwanza, mtu mzima aliyekuwa karibu kustaafu, koti lake jeupe limejaa vumbi la plasta. Yule fundi hakuuliza maswali mengi. Alimtazama mdomoni, akamwambia atabasamu, akayaona meno.

"Unavutia meno?"

"Ndiyo."

"Nakuja," alisema fundi. "Niambie siku tu."

Kamati ilikuwa ya watu watatu katika chumba chenye meza ndefu na feni inayozunguka bila kuleta upepo. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Kulia kwake alikaa bwana mnene wa sheria aliyekuwa akitazama saa, na kushoto daktari wa kampuni. Afisa wa madai alikaa pembeni na faili lake jembamba. Mama na fundi wa viungo walipewa viti ukutani.

Afisa alisoma uamuzi wake bila chuki: mkono ni mzima, hakuna kumbukumbu ya uharibifu, na mdai alikataa kuufungua. Mwenyekiti akamuuliza mdai kama ana la kusema.

Binti alitoa mkono kwenye mfuko. Safari hii hakuupaka mafuta, ingawa moyo ulimsuta njia nzima. Akauweka mezani, akatandaza kitambaa, akatoa kisu chake cha kufumulia.

"Siku ile nilikataa. Leo nitaufungua mwenyewe. Naomba kwanza kila mmoja ausogelee aone kama kuna mahali mshono umeguswa."

Walisogea. Mwenyekiti alivaa miwani. Bwana wa sheria alipitisha ukucha juu ya nyuzi kuanzia juu hadi chini, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki katika kazi yake, akasema wazi kwamba haujaguswa.

Akaanza. Alibana mkono ule mezani kwa kigutu, akakata fundo la kwanza, akavuta uzi. Kazi ya mzee haikuwa ya kuachia kirahisi. Kila baada ya mishono mitano alikuwa amepiga fundo la akiba, na kila fundo lilitaka lipewe muda wake. Ngozi ya juu iliachia kwa mlio mdogo wa gundi. Aliigeuza.

Haikuwa na kitu. Wala kwenye tabaka la pili lililobaki chini yake hapakuwa na alama, ila gundi iliyokauka.

Nyuma yake alimsikia mama akivuta pumzi. Bwana wa sheria alitazama saa. Binti mwenyewe alijilazimisha kukumbuka. Tabaka la juu lilishonwa mwaka jana, mzee akiwa tayari anaumwa, akishona kwa kupapasa. Wakati ule penseli ilikaa sikioni kwa mazoea tu. Hata herufi alikuwa haoni tena.

"Tumeona," alisema bwana wa sheria, si kwa ukali. "Pengine inatosha."

"Bado mbili," alisema binti, akakata fundo lililofuata.

Tabaka la pili lilikuwa gumu zaidi, limeshonwa na mtu mwenye nguvu. Lilipokunjuka, mwenyekiti aliinama kabla ya mtu yeyote. Upande wa ndani wa ngozi palikuwa na tarehe, mwezi na mwaka, nao ni mwaka juzi. *Kikombe kimepasuka ukingoni hadi katikati. Nimezungushia mkanda wa kochi. Hautakaa sana.*

Hakusimama asifiwe. Aliukata mkanda ule, akaendelea na la tatu. Lilipotoka, kikombe kiligawanyika vipande viwili hapo hapo, kimoja kikaviringika hadi mbele ya afisa wa madai, ambaye alikidaka kabla hakijaanguka. Ngozi na mkanda ule tu ndivyo vilivyokuwa vikikishikilia siku zote hizo. Na juu ya plastiki yenyewe, kwa penseli iliyokandamizwa, palikuwa na tarehe ya mwezi wa kumi na nne tangu apewe mkono ule. Mwenyekiti alisoma kwa sauti, akitua kila neno kwa sababu mwandiko ulipinda kufuata umbo la mkono.

"*Waya wa kidole gumba umekatika. Nimetia uzi wa nailoni. Mwenye mkono huu hapumziki.*"

Binti aliinamisha kichwa. Alijua umbea wa baba yake unavyosomeka. Huo haukuwa umbea.

Bwana wa sheria alikohoa, akasema neno ambalo mtu alilazimika kulisema, kwamba penseli ni penseli, yeyote anaweza kuandika.

"Aliyeandika ana zaidi ya miezi saba tangu afariki," alisema binti. "Na mshono, umesema mwenyewe, mheshimiwa, haujaguswa. Nimewaachia nyinyi muwe mashahidi kwa sababu hiyo."

Fundi wa viungo alisimama bila kuitwa. Alisema mkono wa namna ile ulitengenezwa kwa matumizi mepesi, kwamba yeye mwenyewe asingeweza kuufufua mara tatu, na kwamba kama kumbukumbu inatakiwa kuwa na tarehe, kasoro na matengenezo, basi alichokiona mezani ni kamili kuliko mafaili mengi ya hospitali yake. Kisha akawaambia kuhusu meno, akakaa.

Walinong'ona kidogo. Mwenyekiti alimwambia afisa aandike kwamba mkono umeharibika kwa matumizi ya kila siku na kumbukumbu ipo. Kalamu ya kijana ilikwenda mbio kana kwamba ilikuwa ikisubiri. Halafu mwenyekiti akamuuliza binti ni mkono wa aina gani anaoomba, maana kwenye fomu ameandika wa kulabu.

"Huo hauna vidole, dada," alisema mwenyekiti. "Watu watakuangalia."

"Vidole vya huu vimeniangalia mimi nikifanya kazi miaka mitano," alisema binti. "Nataka kitu kinachoshika."

Mwenyekiti alicheka, na baada yake hata bwana wa sheria. Mkono wa kulabu ukaandikwa, na siku ya kupimwa ikapangwa wiki ile ile. Likabaki jambo moja. Afisa alisema vipande na ngozi vinatakiwa kubaki kama kielelezo. Binti alikuwa ameshaanza kuvipanga kwenye kitambaa, kila tabaka mahali pake.

"Pigeni picha," alisema. "Hivi vinarudi nyumbani."

Afisa alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama dirishani. Kijana akatoa simu yake, akapiga picha sita, na ya mwisho akaipiga karibu sana, kwenye yale maneno ya mwisho.

Karakanani mama alichemsha chai na hakumhimiza ainywe. Binti aliunganisha vipande vya kikombe kwa gundi, akakibana mkono katikati ya magoti, akarudisha tabaka la ndani kabisa, kisha la pili, akipitisha sindano katika matundu yale yale ya mzee. Haukuwa mkono wa kuvaliwa tena, lakini hakuna kitu kilichokuwa kimewahi kuachwa wazi katika chumba kile. Alipofika kwenye tabaka la juu alisimama. Alinyanyuka, akaenda kwenye kopo lililokuwa chini ya aproni, akachukua penseli fupi yenye alama za meno.

Pale mahali patupu, ambapo mzee hakuweza tena kuona, aliandika tarehe, mwezi na mwaka. Halafu: *Umefunguliwa mbele ya watu sita. Ulikuwa umekwisha siku nyingi. Fundi hakutaka kusema.*

Akaweka penseli sikioni, akaanza kushona. Alipomaliza alilivuta kwake kochi la mteja lililokuwa likingoja mikanda, akalipindua.

"Mama," aliita, "njoo unishikie hapa. Wiki mbili tu."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo utarudi kwenye vifungo vyako."

Mama alifuta mikono kwenye khanga, akashika mkanda kwa yote miwili, akavuta.

"Zaidi," alisema binti. "Mpaka ulie."